Barua ya Tabia Njema ya Rachael Wakesho

KITUO CHA POLISI, SEEB, MASKATI
Shauri: Kifo cha mwanamke katika soko la mboga na matunda, Mawaleh
Jina la shahidi: Gershom Mghendi Mwakio
Umri: Miaka 68. Mgane.
Uraia: Mkenya
Kazi: Karani na mwalimu wa nyumbani kwa Bwana Marhoon bin Aflah
Makazi: Mawaleh, nyumbani kwa mwajiri
Tarehe: 9 Desemba 2004, saa 4:20 asubuhi
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi. Itafasiriwa kwa Kiarabu.

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema haya kwa hiari yangu. Naomba radhi kwa sauti yangu, ambayo tangu asubuhi haitoki vizuri, na kwa kumlazimu afisa anayeniandikia, Mulazim Mahfoudh, kuandika polepole.

Marehemu ninamtambua. Jina lake ni Rachael Wakesho Mwadime, Mtaita kama mimi, aliyezaliwa tarehe 14 Novemba 1973. Watu wa sokoni waliomtaja kwa jina la Hasina hawakusema uongo; hilo ndilo jina alilowapa. Nilimfahamu mwaka 2001 katika ibada ya kanisa huko Ruwi, ambayo hapa hufanyika Ijumaa. Alikuwa mpishi wa mikate na keki katika hoteli moja upande wa Bustan. Alikuwa na binti mmoja, Mkawasi, mwenye umri wa miaka saba, anayelelewa na bibi yake huko Wundanyi. Nimewahi kuzungumza na mtoto huyo kwa simu. Aliniuliza kama Maskati kuna mvua.

Mnamo mwezi wa Agosti mwaka huu Rachael alinieleza kwamba anaomba viza ya kwenda Uingereza, ile wanayopewa vijana wa nchi za Jumuiya ya Madola ili watembee na kufanya kazi kwa miaka miwili. Alisema baada ya mwaka mmoja mwajiri wa huko aweza kumwombea kibali cha kazi, na miaka ikitimia mtu huomba ukaazi wa kudumu. Hapo ndipo angemchukua Mkawasi. Viza hiyo haipewi mtu aliyetimiza miaka thelathini na moja, na yeye alikuwa amebakiwa na miezi mitatu.

Nilimuuliza kwa nini asiendelee na kazi yake hapa. Alinijibu, "Mwalimu, hapa hata ukioka keki miaka ishirini, siku mkataba ukiisha wewe ni mgeni na sanduku lako." Nami niko Oman tangu mwaka 1991.

Aliniomba barua ya tabia njema. Maneno yake yalikuwa haya: "Usiandike mengi. Wewe ukishika kalamu utadhani unamwandikia askofu. Sema tu unanifahamu na sijawahi kuiba sukari ya hoteli." Tulicheka.

Mnamo tarehe 10 Septemba niliiandika barua hiyo. Naomba nieleze desturi yetu. Katika shule ya misheni tulifundishwa kwamba barua ya tabia haisomwi na anayeibeba. Huandikwa kwa faragha, bahasha hufungwa kwa gundi, na mwandishi hutia sahihi yake juu ya mkunjo ili ikifunguliwa njiani ijulikane. Ndivyo nilivyofanya. Rachael aliigeuzageuza bahasha ile akasema, "Hata kuchungulia siruhusiwi?" Nikamwambia kwamba barua iliyosomwa na mhusika haina heshima. Aliipeleka kama nilivyompa.

Ndani nilieleza kwamba ni mchapakazi na mcha Mungu. Kisha nikaandika kwamba ni mama mwema anayempenda sana binti yake wa miaka saba, na kwamba anatarajia kumchukua siku moja waishi huko pamoja daima. Niliona hakuna sifa ya mwanamke inayoizidi hiyo. Sikujua kwamba viza hiyo haipewi mwenye mtoto wa umri huo, wala anayekusudia kubaki. Sikujua kwamba katika fomu Rachael alikuwa amejaza kwamba hana mtoto. Hakuniambia. Nadhani hakutaka kunitwika uongo wake.

Mnamo tarehe 21 Oktoba, yapata saa kumi na moja jioni, alinijia mlangoni kwa Bwana Marhoon akiwa na karatasi ya kukataliwa. Hakuketi.

"Mwalimu, uliwaambia nina mtoto?"

"Niliandika ukweli, binti yangu."

"Nani alikuomba ukweli wote?"

Nilimwambia nitaandika barua nyingine ya kufafanua. Akasema, "Hapana. Kalamu yako imetosha." Kisha akaniomba radhi kwa kunipandishia sauti, akaenda zake. Yeye ndiye aliyeomba radhi.

Pamoja na hayo, nilimwandikia afisa wa viza nikiomba kosa langu lisihesabiwe kwake. Sikujibiwa. Kazi ya hotelini alikwisha kuiacha mwenyewe, akitumaini kusafiri, na kibali chake cha ukaazi kiliisha tarehe 31 Oktoba. Tiketi ya Nairobi alipewa na hoteli, hakupanda ndege. Dada Maryanne, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, aliniambia amehama bila kusema aendako, ila alikuwa akirudia neno moja: "Nikirudi Wundanyi mikono mitupu nitamwambia nini Mkawasi?" Tarehe 14 Novemba ilipita. Nilimwombea siku hiyo kama siku ya kuzaliwa, nikijua pia ni siku aliyotimiza miaka thelathini na moja.

Leo tarehe 9 Desemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilitumwa sokoni na Bibi Masouda, mama wa mwajiri wangu. Aliniambia, "Maalim, nnataka bamia changa. Za juzi zilikuwa kamba. Mimi meno yangu yote niliyaacha Unguja." Nilikwenda kwa miguu.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini nilikuwa upande wa kupakulia mizigo. Nilimwona mwanamke aliyevaa abaya nyeusi na kujifunika kichwa, amebeba tenga la nyanya. Sikumtambua kwa uso. Nilimtambua kwa kovu la tanuri kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwita kwa sauti kubwa, majina yote matatu, kama nilivyozoea kuita darasani: "Rachael Wakesho Mwadime!"

Watu waligeuka. Mchuuzi mmoja akamwambia, "Hasina, unaitwa wewe?" Alinitazama. Alisema, "Mwalimu, tafadhali." Sijui alikuwa akiniomba nini. Aliliweka tenga chini taratibu, nyanya zisimwagike, kisha akakimbia.

Alipita katikati ya malori mawili. Lori lenye turubai la buluu lilikuwa likirudi nyuma kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kengele yake ilikuwa ikilia. Dereva hakuweza kumwona. Nathibitisha kwamba dereva hana kosa, na naomba asiendelee kushikiliwa. Nilimsikia akilia akisema amezaa mabinti watatu.

Nilikaa chini karibu na Rachael hadi gari la wagonjwa lilipofika, saa moja na dakika tano. Alikuwa ameshafariki.

Mulazim Mahfoudh amenishauri hivi: "Mzee wangu, mambo ya barua hayana haja. Mimi nnalotaka ni lori tu." Namshukuru kwa wema wake. Lakini asingeacha kazi hangekuwa sokoni, na viza ingetoka hangekuwa Maskati, na nisingemwita asingekimbia. Naomba yabaki. Mkawasi atakua, na akiuliza, ofisi hii iwe na la kumwonyesha.

Nina ombi moja la mwisho. Kwa miaka kumi na mitatu nimewaandikia barua Wakenya wengi wa hapa, za harusi na za misiba. Hii ya kumjulisha mama yake Rachael naomba iandikwe na mtu mwingine. Nitatoa anwani. Naomba nisamehewe kwa kukataa.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda, na nimesomewa yote.

(Sahihi) G. M. Mwakio

Kumbukumbu ya afisa: Maelezo yamechukuliwa nami, Mulazim Mahfoudh bin Sleiman, na kusomwa kwa shahidi kwa Kiswahili. Shahidi ameelezwa mara mbili kwamba sehemu ya barua haihusiani na ajali, amekataa ifutwe. Dereva ameachiliwa saa saba mchana. Barua kwa familia ya marehemu nimeiandika mwenyewe. Shahidi ameomba asionyeshwe.