Majani ya Kilima na Ugeni wa Wakwe

Jumanne, 3 Juni 1986
Nimepanda kilimani umande haujakauka. Vipepeo bado wazito, mabawa yameloa. Huo ndio wakati wao wa picha. Jua likishika wanakukimbia kama watoto walioitwa kuteka maji. Nimepata wawili wa bluu, na nyuki kichwa chini ndani ya ua jekundu.
Kamera ni ya mwanangu Faustini, aliiacha alipofunga studio yake kule Omurushaka. Vitu vya karibu ilikuwa haivioni. Nimeifungia kioo cha kukuzia kwa mpira wa baiskeli. Sasa inaona.
Magoti yanauma.

Alhamisi, 5 Juni
Mwenyekiti wa kijiji kapita. Mkutano ni Alhamisi ijayo. Wafugaji wanakitaka kilima wakichome moto, yaote majani mapya ya ng'ombe. Kilipokuwa udongo mtupu, mwekundu kama kidonda, hakuna aliyekitaka. Sisi wanawake wa jumuiya ndio tuliokizungushia miiba. Tukakataza moto, tukakataza ng'ombe, tukangoja. Majani yakarudi. Maua yakafuata, na wadudu nyuma yake.
Mwenyekiti kasema, "Bibi, maua hayakamuliwi maziwa." Mjinga. Lakini watu watamsikiliza.
Nitawaonyesha picha. Mkanda una nafasi chache, nimeziweka kwa ajili ya upande wa juu, wote mzima, yale maua ya njano yakifunguka. Jumapili yatakuwa tayari. Jumatatu mkanda upande basi kwenda kusafishwa Bukoba.
Ubaya mmoja. Mwenye ng'ombe wengi kuliko wote ni Mzee Kahigi, na Jumamosi anakuja hapa kumposea mwanawe mjukuu wangu Koku. Wakwe hawagombani. Nitafunga mdomo siku nzima. Nitaugua.

Jumamosi, 7 Juni
Nimeamka, sebule imetandazwa majani mabichi ukuta hadi ukuta. Laini. Yana maua ya njano.
Jirani yangu Getruda na wenzake wamedamka wakayakata. Upande wa juu, wote. Getruda anacheka, jasho linamtoka: "Wakwe wa maana hawakalishwi kwenye majani ya zizini, dada! Tumekuchagulia yale mazuri kabisa."
Nimemtukana. Nimemkumbatia. Nimemtukana tena. Hakuelewa. Kwetu mgeni hakanyagi sakafu tupu, na yeye alikuwa ananiheshimu mimi.
Nimelia jikoni, nikanawa uso, nikatoka.
Wakwe wamefika. Shikamoo nyingi, kahawa ya kutafuna, rubisi yetu ya ndizi. Sakafu yote inatembea. Mende wa kijani, buibui, viwavi. Panzi mmoja kampanda Mzee Kahigi, goti, kifua, ndevu. Hakuna aliyethubutu kumgusa mkwe. Panzi kakaa pale kama mshenga.
Nikachukua kamera.
Koku alitaka ardhi immeze. Mzee Kahigi akauliza bila kutikisa kidevu, "Mkwe, unanipiga picha mimi au panzi?"
"Panzi, baba. Wewe umejitokeza tu."
Akacheka mpaka rubisi ikamwagika. Akauliza majani haya ya wapi. Nikamwambia. Basi.
Posa imepokelewa.

Jumapili, 8 Juni
Nimepanda. Upande wa juu ni kipara. Mizizi ipo, lakini kwenye picha mizizi haionekani. Mkanda siupeleki. Niwaonyeshe nini? Watasema, kumbe hata wenyewe mnakata.
Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alituambia tuandike tunachohisi. Nahisi hasira.

Alhamisi, 12 Juni
Mkutano. Mwenyekiti kasema yaleyale, na kile kipara kakitaja kama nilivyojua. Wanawake tumepiga kelele. Kisha kasimama Mzee Kahigi. Kasema alitandaziwa majani ya kile kilima, na tangu azaliwe hajaona majani yenye watu wengi hivyo ndani yake. Watu wakacheka. Kasema moto usiwashwe, utawamaliza wote. Upande wa juu ubaki kwa wanawake. Upande wa chini aingize ng'ombe, maana nao hawawezi kula maneno.
Wamekubali.
Upande wa chini ndiko waliko vipepeo wa bluu.
Kaja kunisalimia. Nimemwambia mkwe ni mkwe, lakini umeninyang'anya vipepeo. Kasema, "Najua, mkwe." Hakujitetea. Afadhali angejitetea, nipate wa kugombana naye.

Jumatatu, 16 Juni
Ng'ombe wameingia. Nimekwenda kuwatazama, nimekaa juu ya jiwe. Wanakula taratibu. Maua mekundu yameisha upande wa njiani. Yangeyange wanawafuata, kila mguu ukiinuka wanadokoa panzi. Vipepeo sikuwaona. Labda wamehamia juu. Labda hapana.
Mkanda ulibaki na picha moja. Nimempiga ng'ombe mmoja, yule wa kahawia mwenye pembe ndefu. Ana macho mazuri.
Mwenye ng'ombe sitamwambia.