Majina ya Kutajwa Migombani

Guangzhou, 9 Februari 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na goti limepunguza maumivu. Mimi sijambo, ila upweke umenikaba. Ni sikukuu ya mwaka mpya wa Wachina, chuo kimefungwa, na bweni zima nimebaki mimi na Jemimah wa Brazzaville. Tunakula biskuti.

Jana Jemimah kanichekesha. Eti mama yake, enzi za Wafaransa, alikaririshwa shuleni kwamba mababu zake ni Wagallia, watu weupe wenye nywele za manjano! Kisha akanitajia mababu zake wa kweli, tisa, bila kukwama. Akaniuliza wangu. Nikamtaja Babu Ndesario, basi, nikaishia hapo. Niliona aibu, Baba. Niandikie majina yao.

Mwanao,
Sia

Uru, 16 Machi 1997

Mwanangu Sia,

Marahaba. Mimi mzima. Goti ni lilelile, na tangu mama yako atutoke ndilo ninalozungumza nalo.

Umemchokoza mwalimu wa historia mstaafu, sasa vumilia. Wagallia waliishi Ufaransa kabla haijaitwa Ufaransa. Mafundi chuma hodari, na walivaa suruali, Warumi wakiwacheka kwa hilo! Makuhani wao walisoma hata miaka ishirini, kwa kusikia na kukariri tu. Kuandika walijua, ila mambo ya dini walikataza yasiandikwe, wakisema kitu kikiandikwa, moyo unazembea kukumbuka. Warumi wakaja, wakawashinda. Wakubwa wakajipa majina ya Kirumi, watoto wao wakapelekwa kusoma Kilatini.

Nasi kwetu majina hayaandikwi. Hutajwa hapa migombani, jani la sale mkononi, jani letu la amani na msamaha, anayepewa akisikia kwa masikio yake. Nimebaki peke yangu ninayeyajua yote, na babu yako alinikataza kalamu. Niwe mimi wa kuvunja? Njoo nyumbani.

Na huko wamekupa jina gani?

Baba yako,
Alphonce

Guangzhou, 4 Juni 1997

Baba,

Shikamoo. Habari za goti? Huku joto, na masomo ya udaktari yananitoa jasho zaidi.

Wananiita Xiya. Mwalimu alinipangia siku ya kwanza, hata kadi ya chuo inasema hivyo. Jemimah amehamia Wuhan, na tangu aondoke hakuna anayeniita Sia. Juzi nilijiita mwenyewe bafuni, kwa sauti. Usinicheke.

Nauli ya kuja sina mpaka nimalize mwaka 2000. Lakini nimepata njia. Hafidh, mfanyabiashara wa Dar anayenunua viatu hapa soko la Zhanxi, anakuletea kaseti tupu. Huandiki kitu, Baba. Unasema tu, nami nasikia.

Mwanao,
Sia

Uru, 20 Julai 1997

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo. Kaseti imefika, imefichwa ndani ya raba ya kushoto. Ya kulia sijaiona!

Una akili za mama yako. Nimewaza wiki nzima, nimekubali. Ila sitayasema jikoni kama anayeagiza chumvi. Desemba ukoo ukikusanyika, nitasimama migombani na sale langu nikutajie. Subiri kidogo. Wenzako, wale makuhani, walisubiri miaka ishirini.

Baba yako,
Alphonce

Guangzhou, 12 Januari 1998

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Simu ya parokia haishiki. Krismasi nimeila peke yangu, nikisikiliza mlango.

Umenikasirikia? Basi kaseti iache, sitaiulizia tena. Niandikie tu kwamba u mzima.

Mwanao,
Sia

Uru, 27 Februari 1998

Sia,

Marahaba. Mwandiko usikutishe. Ni kiharusi, kilinipiga Novemba. Mkono wa kulia umelala, natumia wa kushoto. Mdomo umekataa kabisa.

Desemba walikuja wote. Nilishika sale, kaseti ikazunguka, sauti haikutoka. Shangazi yako Martina alilia mpaka akaizima.

Nimewawaza sana Wagallia. Makuhani walipokwisha, mafundisho yao yalikwenda nao. Mengi tunayosoma juu yao waliyaandika watu waliowashinda. Nimelifundisha hilo miaka thelathini, na sikulielewa.

Babu yako atanisamehe.

Jani lililomo ni la sale, nimelichuma hapa mlangoni. Lishike. Simama. Soma kwa sauti, maana mimi sina:

Kiwia alimzaa Ndetaramo.
Ndetaramo alimzaa Mleli.
Mleli alimzaa Ndeoya.
Ndeoya alimzaa Ndesario.
Ndesario alimzaa Alphonce.
Alphonce alimzaa Sia.

Baba yako