Kahawa ya Dalali

Oslo, Jumapili

Baba,

Salamu kutoka mji wako, ingawa kwako sijui ni wapi siku hizi. Nimekuja kutembea, lakini mwanafunzi hapa hawezi kulipia hata kiti cha mkahawani. Basi nazunguka kwenye nyumba zinazouzwa, maana Jumapili huwa wazi kwa wanaotaka kuzitazama na kahawa ni ya bure. Dalali mmoja akanitania, "Dada, umekuja kununua au kutumalizia mandazi?" Nikacheka, mpaka nilipoona rafuni kikombe nilichokuchorea utotoni, chenye jina langu.

Nikamuuliza kama mwenye nyumba ana watoto.

"Hana. Alisema yuko peke yake."

Nikachukua andazi jingine, sikujua mikono niiweke wapi.

Kikombe nimeondoka nacho. Usimlaumu dalali.

Torunn