Watoto wa Nyuma ya Kanisa

Skuta, Nyeri
16 Oktoba 1973

Kwako dada mpendwa Gaudencia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako Wasike. Je, mguu wako umepona? Watoto na baba yao wanaendeleaje, na mahindi mmeshavuna au mvua imewazuia? Sisi huku tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu moyo wangu haujatulia tangu Agosti, na leo nimeamua kukuandikia mpaka nimalize, hata chai ikipoa.

Nilikuambia wakati wa Pasaka kwamba tumepata kanisa lenye ibada ya Kiswahili kwa ajili yetu sisi tuliotoka mbali. Sikukuambia kwamba nilikwenda pale nikitamani kwaya. Unajua nilivyokuwa nikiimba nyumbani. Nilimwendea mama Wakonyo, mwenyekiti wa akina mama, mjane mzee anayetembea kwa shida ya magoti. Akanijibu kwamba kwaya imejaa, ila iko kazi moja ambayo wenzangu wanaikwepa: kuwatoa nje watoto wadogo wakati wa mahubiri na kukaa nao katika chumba cha nyuma, ili mama zao wasikie neno.

Dada, niliona kama nimepigwa kofi. Huku mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Kila ninayekutana naye huniuliza mimi ni mama nani, na baada ya miaka saba ya ndoa sina la kumjibu. Halafu kati ya wanawake wote wale, nichaguliwe mimi kuwalea watoto wa watu. Wiki nzima nilifua nguo zilizokuwa safi na kufagia mahali palipofagiliwa. Wasike aliponiuliza nina nini, nilimwambia. Akatazama pembeni, akasema niende au nisiende, ni juu yangu. Basi nikaenda, nikiwa nimepanga maneno ya kumwambia mama Wakonyo kwamba ni mara moja tu.

Chumba chenyewe ni stoo ya majembe na mabenchi yaliyovunjika, na baridi inapita chini ya mlango. Niliwekewa jiko kwenye kona, nikaletewa watoto wengi kuliko mikono yangu. Wote walilia. Aliyezidi ni Ngatia, mtoto wa Kagure anayeuza kabeji sokoni. Alinishika nywele kana kwamba mimi ndiye niliyemwibia mama yake. Nilimaliza nyimbo za dini zote ninazozijua, hakunyamaza. Nikaanza ule wa kwetu wa kusagia wimbi, akanyamaza, akawa ananitazama mdomo. Ibada ilipoisha Kagure alikuja kumchukua, macho yamemwiva. Akaniambia mumewe alizikwa Februari, na hata maombi ya mazishi hakuyasikia kwa kuwa alikuwa nje akimbembeleza mtoto. Leo amesikia mahubiri mpaka mwisho. Alisema hayo tu, akajifunga mtoto mgongoni, akaenda zake. Nikashindwa kumwambia mama Wakonyo maneno yangu. Jumapili iliyofuata nikarudi, na nyingine tena.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Kwaya ilipoanza, niliisikia kupitia ukutani, nikawa nafuata sauti ya pili kimoyomoyo, nikikasirika.

Basi Agosti akaja kaka mkubwa wa Wasike, ametumwa na mama mkwe. Alikula akashiba, kisha akasema mbele yangu kwamba mama ameshamtafutia Wasike msichana na wazazi wake wamekubali. Mimi nikitaka nikae, nisipotaka nirudi kwetu. Nilingoja Wasike aseme neno. Aliangalia sahani. Shemeji aliondoka Jumamosi, na Jumapili yake sikwenda kanisani. Nilibaki nikikunja nguo zangu na kuzitia kikapuni.

Mchana mama Wakonyo akafika, amepanda kilima kwa magoti yale, na Wasike nyuma yake. Akasema watoto wameniulizia. Nilimjibu vibaya, dada. Nilimwambia watafute mwenye watoto, kwamba mimi walinipa kazi ile kunicheka.

Aliketi kitandani, pumzi ikamrudia kwanza. Kisha akasema, "Mimi nilizika watatu kule kijijini tulikofungiwa wakati wa vita vya Mau Mau. Sikupata mwingine. Hii kazi ilikuwa yangu, mpaka mikono ikakataa kubeba. Sikukupatia kwa sababu hauna mtoto. Ile siku ya kwanza ulikuja ibada, ulikaa nyuma ya Kagure, mtoto akalia, ukampapasa mgongo. Na hukuangalia kama kuna mtu anakuona. Mimi nilikuona."

Hakunibembeleza nirudi. Aliomba maji, akanywa, akashuka kilima.

Sasa ndipo ninafikia jambo lililonifanya nishike kalamu. Alipoondoka, Wasike aliketi pale pale alipokuwa yule mama. Akaniambia kwamba mwaka jana, aliposema ofisi imemtuma Nanyuki, alikwenda kupimwa hospitalini peke yake. Ni yeye, dada. Daktari alimwambia hatazaa. Amelijua hilo muda wote, mama yake akinisema, kaka yake akila chakula changu na kunifukuza nyumbani kwangu, naye kimya.

Siku ile na zilizofuata nilipika, nikamwekea, nikatoka nje. Lakini Jumapili nilikwenda stoo. Mtoto akitaka kubebwa haulizi una huzuni gani, na mimi nilihitaji mahali ambapo siwezi kukaa nikawaza.

Mwezi uliopita, katikati ya mahubiri, mlango ukafunguliwa. Ni Wasike, na suti yake ile ya pekee na tai. Alisimama hajui aweke wapi mikono. Nilikuwa nimebeba wawili, kwa hiyo nilimpa Ngatia. Haukupita muda mtoto akamkojolea. Nilidhani atamtua. Hakumtua. Alizunguka naye kati ya majembe na suruali imelowa mpaka wimbo wa mwisho. Walipokuja kuchukua watoto, wanawake walicheka waziwazi kumwona karani wa serikali katika hali ile, naye akawapa kila mmoja mtoto wake na kofia yake. Tangu hapo anakuja kila Jumapili.

Kwaya imenipa nafasi. Nimekataa, na bado najuta kidogo.

Juzi Wasike amesema Desemba atakwenda kumwambia mama yake kwa kinywa chake mwenyewe. Nitakwenda naye. Ananiuliza kama nimemsamehe. Nimemwambia sijui, na ni kweli sijui. Sijui pia kama atayaweza maneno yale akiwa mbele ya mama yake. Akishindwa, nitayasema mimi.

Hadi siku hiyo jambo hili likae kwako peke yako, hata mama asilijue. Msalimie sana, mwambie nakula vizuri. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na mguu huo usiusimamie kutwa nzima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Phelister