Mpira Siku za Matanga

Mjukuu wangu Koku,

Huku Hamugembe tu wazima. Babu yako anagombana na mbuzi wanaoingia kwenye migomba. Barua hii nimeianza mara tatu, kila mara nainuka, nazunguka uani, narudi.

Umeuliza nilianzaje ukocha, na kwa nini mpaka nastaafu sikuwahi kuketi timu yangu ikicheza.

Miaka ile ya ugonjwa, ambayo sitaieleza, nilifundisha hesabu chuo cha ualimu. Kocha wetu wa mpira wa kikapu, kijana wa Kanazi, alifariki zikibaki siku tatu wasichana wake wacheze Muleba. Tulikwenda kuzika. Unajua kwetu msiba ukiwapo jembe haligusi shamba. Wasichana wakaniuliza kama mpira nao umekatazwa. Kwa kuogopa macho ya watu nikasema ndiyo, nikauficha mpira waliokuja nao chini ya kiti changu, nikaketi.

Mama wa marehemu alikuwa ananitazama.

"Mwalimu, kilichokatazwa ni jembe. Huo mpira unalima nini? Siku hizi tunazika kila wiki. Tukiketi kila msiba, hawa watoto watacheza lini?"

Akautoa mwenyewe, akanipa na filimbi ya mwanawe. Tukafanya mazoezi palepale uani, waombolezaji wakitutazama, mimi nikipuliza ovyo.

Muleba tulifungwa vibaya. Hilo nimeshalisahau. Ninachokumbuka ni yule mama. Siku ile pale uani watu walimletea mkeka, akaukataa. Alisimama na kanga yake ya msiba mpaka tulipomaliza mazoezi.

Sasa niambie, Koku, mimi ningeketije?

Bibi yako