Msikate Mgomba Kwanza

Sharjah, Jumamosi asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu, na kabla sijasema lolote, goti linaendeleaje? Nasikia siku hizi ukipanda kutoka mtoni unasimama njiani. Tafadhali mwachie mtu mwingine hayo maji. Mimi ni mzima. Joto limepungua kidogo, kazi ya kupiga pasi mashuka ya hoteli ni ile ile, nakula na nalala. Sasa keti, na anayekusomea barua hii asome polepole, asiruke kitu.

Unakumbuka ule mchezo wa duka tuliokuwa tukiutazama kwenye TV ya mwalimu, jirani yetu? Mwenye duka mkali, na kila wiki anaingia mteja mgeni, mwigizaji ambaye hujamwona na hutamwona tena. Wewe uliwapenda hao wageni kuliko mwenye duka. Akiwafokea ulikuwa unamjibu kwa niaba yao, mwalimu anakuomba upunguze sauti. Basi huku nafanya kazi na mama mmoja wa Kiminini, Mama Njeri. Binti yake aliye Kitale alikuwa akirekodi mchezo huo miaka nenda miaka rudi, mwishowe akamtumia kanda zote. Ijumaa hatuendi kazini, kwa hiyo Wakenya tunajazana chumbani kwake, tunazitazama upya na kubishana ni mgeni gani aliyeigiza vizuri kuliko wote. Mimi ndiye hubishana zaidi, unanijua.

Jana akaingia dukani mteja mwembamba mwenye shati la mistari. Akacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Mama, nilisimama. Alikuwa Wafula, mwanao, ndugu yangu, ambaye sote tunasema alikuwa ndani ya basi lile lililoungua mwaka wa El Nino, tusipate hata kiatu cha kuzika.

"Wacha bana, watu si hufanana," akasema mmoja wetu. "Umekumbuka nyumbani tu."

Nikamwomba Mama Njeri arudishe kanda nyuma. Yule mteja akaingia tena, akasema, "Mzee, nipatie kadi ya simu, nataka kusarimia mama." Chumba kizima kikacheka, ati huyo ni mtu wa Bungoma kabisa. Mimi sikucheka, maana sauti ilikuwa yake. Kisha akaikwangua ile kadi kwa ukucha wa mkono wa kushoto, mkono ule ambao ulimchapa mara ngapi kwa kula nao.

Hapo nataka uelewe vizuri. Mwaka wa El Nino, nani kwetu alikuwa na simu ya mkononi? Kadi za kukwangua zilikuwa hazijatokea. Tulianza kuziona sokoni Kamukuywa mimi nikiwa karibu kusafiri kuja huku. Kwa hiyo mchezo ule ulipigwa picha baada ya basi kuungua, na mtu aliyefia ndani ya basi hawezi kukwangua kadi.

Tukangoja majina ya waigizaji mwishoni. Kabla hayajaanza, picha ikaruka, tukaona harusi huko Kitale, bibi harusi anakata keki. Binti alikuwa amerekodi juu yake. Nilitaka kuibeba ile mashine niitupe dirishani, na Mama Njeri akaniomba msamaha kana kwamba harusi ilikuwa yake.

Nikampigia Baba Mdogo papo hapo.

"Nekesa, TV ni ya kudanganya watu," akasema. "Watoto wangu wanaota huyo kijana kila mara, anauliza nyumba yake iko wapi. Watu wakija likizo ya Desemba tunazika mgomba mahali pa mwili wake, na sisi tupumue."

"Na kama yuko hai, Baba?"

"Akiwa hai si angekuja?"

Simu ikakatika, au aliikata. Najua si mtu mbaya, na mtu ambaye watoto wake hawalali hana raha. Lakini nimemkasirikia. Mila unaijua kuliko mimi. Mgomba ukishalazwa kaburini kwa jina la Wafula, watu wakanyoa nywele na kula matanga, huyo amezikwa. Akitokea kesho hataingia bomani kama mtoto wa nyumba. Watoto watamkimbia na wazee watamfukuza kama mzimu, na wewe utazuiwa hata kumshika mkono.

Ndiyo sababu sikutaka kupitisha jambo hili kwa simu ya Baba Mdogo. Mama Njeri anakuja likizo wiki hii. Atapitia njia ya Webuye, ashuke Kamukuywa akupe barua hii na kanda yenyewe kabla hajaendelea kwake Kiminini. Mpikie chai, ana roho nzuri. Kanda usimpe mtu mwingine. Nenda kwa mwalimu, umwombe awashe mashine yake, utazame kwa macho yako, maana wewe ndiye uliyemzaa. Ukisema siye, nitanyamaza wazike. Ukisema ndiye, simama mbele ya ile migomba na usimwachie mtu panga.

Nisalimie Senge wa Kanduyi, dada ya marehemu Baba, na umwambie aje akae nawe siku hizo, kwa sababu Baba Mdogo humwogopa. Wasalimie dada yangu mkubwa na shemeji yangu fundi cherehani. Baba Mdogo mwenyewe pia msalimie, na umwambie nawaombea watoto wake usingizi.

Mama, kuna jambo moja bado sijakwambia. Nikikwambia ni yeye, nakwambia pia kwamba miaka yote hii alikuwa Nairobi, wanakopigia picha mchezo huo, safari ya siku moja tu kutoka kwako, na hajakuletea salamu yoyote isipokuwa ile aliyoandikiwa aseme. Wafula wa basini hana kosa. Huyu wa dukani analo, na ni kubwa. Nimelia kwa hasira kuliko nilivyolia siku tuliyosikia habari za basi. Hata hivyo nakuomba, Mama, umchague huyu mwenye kosa.

Ni mimi binti yako,
Nekesa