Kadi ya Bluu

Bariadi,
14 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, goti limekupa nafasi ya kufika shambani, na wajukuu hawajaimaliza tangawizi uliyoanika. Mimi mwili ni mzima. Nimechoka tu, uchovu ule unaolala nao na kuamka nao. Huku mvua zimeanza, watu wamerudi mashambani, na foleni ya kliniki imepungua kidogo.

Umeniuliza mara tatu kwa simu kwa nini Krismasi hii siji Same, nami mara tatu nimekujibu kwamba ni kazi. Kaka Danford naye akadai nimepata mchumba wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi na ninawaficha. Ningependa ingekuwa hivyo. Mambo yenyewe hayasemeki kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kuna mama mmoja hapa kijijini anaitwa Domitila, mfupi, mwembamba, mpole hadi unasahau kama yumo chumbani. Novemba mwaka jana alijifungua binti, wakamwita Jenifer. Mtoto alikuwa mdogo kama mama yake, ila mchangamfu na ananyonya vizuri. Kila mwezi alimleta, nikampima na kuweka nukta kwenye kadi. Zile kadi unazijua: nukta ikikaa kwenye kijani mtoto anakua vizuri, ikikaa kwenye kijivu uzito ni pungufu. Nukta za Jenifer zilipanda kila mwezi, lakini zilipanda ndani ya kijivu.

Mwezi wa nane mtoto alitimiza miezi tisa, ana kilo sita na gramu mia tisa, na uvumilivu ukaniishia. Nilimuuliza Domitila mbele ya foleni nzima kama chakula cha mtoto anakula yeye. Aliyejibu ni mama mkwe wake, Mayu Bundala, kama huku wanavyomwita mama, kutoka kwenye benchi, akasema taratibu kwamba sasa wameelewa. Watu wa huku wanaamini, kama wengi wa kwetu wanavyoamini, kuwa mama anayenyonyesha akitoka nje ya ndoa anambemenda mtoto, na mtoto hakui tena. Nilitaka kuwaambia kwamba si kweli. Foleni ilikuwa ndefu, nikaita anayefuata.

Wiki ile ile mumewe, Mwandu, alimrudisha kwao Ipililo. Mtoto alibaki, maana mahari ya ng'ombe ilishatolewa. Bibi akamlea kwa uji na maziwa ya ng'ombe, na kwa upendo, siwezi kumsingizia. Alipomleta mwezi wa tisa, mtoto alikuwa na kilo sita na gramu mia tatu. Nilipomning'iniza kwenye mizani hata hakulia. Kadi yake nikabaki nayo nimfuatilie.

Sasa kaa chini, mama. Jenifer alikuwa mzima.

Novemba ile kadi za wasichana zilikuwa zimekwisha, zimebaki za bluu, za wavulana. Wavulana huwa wazito kidogo, kwa hiyo mistari yao imekaa juu zaidi. Nilijua, nilifundishwa chuoni. Nikaona tofauti ni ndogo, nikaandika jina la msichana kwenye kadi ya bluu, nikaendelea na kazi. Mwisho wa mwezi wa tisa kadi za wasichana zilifika, nikaanza kuhamisha nukta. Zote za Jenifer hadi mwezi wa nane ziliangukia kwenye kijani. Iliyoangukia kijivu ni moja tu, ile ya baada ya mama yake kuondolewa. Nililia, mama, kalamu ingali mkononi.

Bosi wangu alinishauri nibadilishe kadi ninyamaze, watu wasije wakaacha kuleta watoto. Nilishindwa. Nilikwenda kwa Mayu Bundala na kadi zote mbili, nikapiga magoti kama wanavyosalimu wao, nikaeleza kila kitu mbele ya Mwandu. Mwandu akatoka kwenda kutafuta pikipiki ya kumpeleka Ipililo. Mayu Bundala hakunitukana. Alizigeuza zile kadi, akaniuliza ni mabinti wangapi wengine niliowaandika kwenye bluu.

Ni kumi na mmoja. Hiyo ndiyo likizo yangu. Nimeshawafikia saba, wengine kwa miguu, na wawili kati yao mama zao walishaanza kusemwa. Wanne familia zao zimehama na mifugo, na sijui kadi zile zinasomwa na nani.

Domitila amerudi, ila maziwa yalikuwa yameshakauka. Jenifer anaongezeka polepole. Mama yake hanisalimu, nami simlaumu. Jana alipomleta, kabla hajanikabidhi mtoto alinyoosha mkono, akataka kwanza aone kadi mpya. Nikampa. Akaikagua mbele na nyuma, ndipo akamtoa mtoto mgongoni.

Nisalimie Danford, mwambie shemeji hayupo. Wasalimie na majirani wote wanaoniulizia. Wewe usipunguze dawa ya goti, mvua hizi zina baridi. Ukisali jioni, usiniombee mimi, waombee wale wanne.

Ni mimi binti yako,
Elineema